Sanamu ya teja aliyeinama, kwa skrepa na vizibo

Dogo mmoja nimemsaidia juzi, alitaka kufanya sanamu kuhusu unga (dawa za kulevya), mchoro wake fuvu na sindano. Achana na fuvu. Kila mtu Dar ameshamwona teja kituoni ameinama mpaka pua inakaribia magoti na haanguki, fanya huyo.

1. Nenda kwa wanunuzi wa skrepa: nondo ya milimita 12 ya miguu na mgongo, ya 8 ya mikono, pleti nzito ya chini. Mzigo mwingi pale wameokota mateja wenyewe, kwa hiyo ongea nao, waulize mwili unakaaje stimu ikipanda, ila picha usipige. Sindano za kuokota usiguse hata na glavu, kuna VVU na homa ya ini, nunua bomba jipya duka la dawa.

2. Chomelea miguu kwenye pleti. Bomba la galvanaizi hapana, moshi wake unakulaza na homa.

3. Mgongo. Hapa usiwe na haraka maana kiwiliwili kinavuta mbele, na ukikichomelea moja kwa moja sanamu inabusu sakafu. Angalia mtu halisi, akiinama makalio yanarudi nyuma ya visigino, ndiyo yanayombeba. Shikiza kwa nukta ndogo tu za welding, funga kichwani mfuko wa mchanga wenye uzito wa vizibo utakavyoweka baadaye (hili wengi wanasahau, inasimama vizuri ikiwa uchi halafu ukiivika inalala), kisha toa miguu kwenye hesabu, ning'iniza kiwiliwili kwa kamba mpaka kitulie bila kuzama upande wowote, weka alama hapo. Kirudishe, shusha timazi (uzi wenye uzito) toka kwenye alama, ianguke katikati ya nyayo. Ikitangulia vidole, rudisha nyonga, usiguse mgongo. Wengine wanamwaga zege chini, mimi sipendi, inaficha uvivu na kubeba ni mateso. Magoti yakunje kidogo, moja zaidi ya lingine, ukiyanyoosha anaonekana kama anaokota shilingi.

4. Vizibo toboa kwa msumari, shona kwa waya wa shaba wa mota mbovu. Gundi ya moto sitaki kuisikia, jua la huku linaiachia. Msanii El Anatsui wa Ghana anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, kazi zinafunika ukuta mzima. Vizibo vya bia vitashika kutu, viache vishike. Rangi usipake.

5. Kwenye kirikuu mlaze ubavu, mikono funga na mpira.