Majirani ama msikiti mwataka sola ya pamoja? Anzieni kwa tokeni

Jamani kama nyinyi ni majirani, msikiti ama kanisa hapa Mombasa na mwataka sola, msianze kwa muuzaji. Kila nyumba itoe meseji za tokeni za stima za miezi mitatu, mjue uniti ngapi zaisha, kisha someni mita asubuhi na jioni mjue zaisha mchana ama usiku, hapo ndo pesa ilipo, manake paneli zafanya kazi mchana na betri ni ghali.

Chukua msikiti. Feni ya dari yala kama wati 70, feni 20 zikizunguka ni wati 1,400, kwa masaa mawili ya tarawehe usiku ni karibu uniti 3, na hizo ni feni tupu bado taa na spika. Ijumaa adhuhuri haina shida, jua lipo. Pampu ya maji ya kutawadha iwasheni mchana mjaze tangi, msiibebeshe betri.

Halafu karatasi. Sajilini kikundi ofisi ya huduma za jamii, sheria ya 2022 yataka watu 10 kwenda juu, kisha mfungue akaunti ya benki. Andikeni nani katoa ngapi, mtu akihama Kisauni kwenda Mtwapa fungu lake lafanywaje, betri ikifa nani alipa. Watu waona haya kuuliza haya kwa kuwa wajuana, lakini tafadhalini ulizaneni kabla hata shilingi haijatoka.

Msivute waya mkamuuzia jirani stima, hiyo yataka leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia kawi. Rahisi ni kununua vifaa kwa jumla mpunguziwe bei, kila nyumba ifungiwe kwa zamu vile watu wacheza mchezo wa kuchangiana pesa, na msikiti uwe na yake.

Fundi naye awaonyeshe leseni yake ya EPRA, na kabla hajapanda juu awatolee boliti mziangalie, ziwe stenlesi, hii hewa yetu ya chumvi chuma cha kawaida chaliwa na kutu upesi sana. Paneli zielekee kaskazini, zilale kidogo tu, mvua izioshe.

Mkitaka kurudisha stima ya sola inayobaki kwa KPLC, kampuni ya stima, kanuni za 2024 zaruhusu ila mwaomba kwanza na mwawekewa mita inayohesabu kuingia na kutoka, na kila uniti mnayorudisha mwahesabiwa nusu, tena ni kredit si pesa mkononi. Kwa hivyo nunueni paneli za kutosha matumizi yenu ya mchana, zaidi ya hapo wekeni hiyo pesa kwa betri.