Jinsi ya kuendesha mradi wa utafiti wa nano ukiwa Mwanza, hela isiishe kabla ya majibu

Mdogo wangu kamaliza masta ya kemia juzijuzi, kaja kwangu Nyegezi ananiuliza, kaka hivi hiyo kazi yako ya nano ukiacha kuchoma pumba unafanyaga nini? Nikacheka maana kapatia, nachoma pumba za mpunga kweli, ila hiyo ni kama siku mbili kwa wiki, siku zinazobaki nafukuzia profoma (karatasi ya bei toka kwa muuzaji kabla hujanunua), narejesha masurufu na kuandika ripoti ya mfadhili. Sasa haya niliyomwambia yeye nayaweka na hapa.

Kwa ambaye hajui, nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni, unywele wako tu unene wake unakaribia nanomita elfu 80. Kitu ukikisaga au kukitengeneza chembe zake zikawa chini ya nanomita 100, uzito ni uleule lakini eneo lake la nje linakuwa kubwa ajabu, ndo maana kinanasa uchafu kwenye maji vizuri. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alichukua chujio la mchanga la kawaida akaliongezea chembe za nano, mwaka 2015 akabeba tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering. Kwa hiyo usiseme hii ni ya wazungu.

Cha kwanza chagua malighafi iliyo karibu na wewe. Huku kwetu pumba zimejaa kwenye mashine za Magu na Misungwi, magugu maji yapo ziwani hayana mwenyewe, mifupa ya sangara ipo. Ukiandika andiko lako malighafi itoke China umejifunga kamba mwenyewe.

Pumba zenyewe tunazichoma kupata silika (kitu kilekile kinachounda mchanga), ila usizichome tu kama mkaa. Zioshe, zichemshe kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa (asidi unaimimina kwenye maji, usifanye kinyume aisee), suuza mpaka asidi iishe, kausha, halafu ndo tanuru nyuzi 600 mpaka 700. Nilivyoanza niliiruka hiyo asidi nikijua napunguza gharama, majivu yakatoka ya kijivu na madoa meusi. Kumbe potasiamu iliyomo kwenye pumba inayeyusha silika kwa juu, kaboni inafungiwa ndani haiungui tena hata uchome hadi kesho. Ukiosha na asidi unapata unga mweupe kama unga wa muhogo, na kwenye kilo moja ya pumba utegemee majivu kama gramu 200 hivi.

Umeme sasa. Siku moja ulikata tanuru likiwa limeshafika, ukarudi, tanuru likaanza programu upya toka mwanzo na mimi nipo zangu Kirumba natafuta masking tepu, narudi nakuta mzigo umechomwa mara mbili. Silika ikiungua kupitiliza chembe zinashikana na vitundu vinaziba, yaani kazi yote bure. Toka siku hiyo tanuru likiwaka mtu anakaa nalo, zamu imeandikwa ukutani.

Hiyo masking tepu nayo ina sababu, lebo andika kwa penseli kwenye tepu. Sisi tulikuwa tunaandika na maka pen kwenye chupa, mtu akafuta meza na spiriti, majina yote yakaondoka, wiki tatu zikaenda na maji. Na sampuli usiiite "mpya 2", andika tarehe, joto na herufi za aliyeitengeneza.

Ukiingia kwenye nano za fedha, yaani madini ya silva siyo hela, nunua mwenyewe maji yasiyo na chumvi au tengeneza. Kijana wetu aliyeyusha naitreti ya fedha kwenye maji ya bomba, yakageuka maziwa hapohapo, ni kloraidi ya kwenye maji imekutana na fedha. Alitakiwa aone njano inaelekea kahawia, ndo dalili kwamba chembe za nano zinajitengeneza. Na ile chupa ndogo bei yake we acha tu.

Haya, upande wa mradi wenyewe. Watu wanachora chati ya Gantt (ile ya mistari inayoonyesha kazi ipi inaanza na kuisha lini) kuanzia mwezi wa kwanza kwenda mbele, mimi nachora kuanzia mwisho kurudi nyuma, naanza na kitu kinachochelewa kuliko vyote. Kwetu ni vipimo vya XRD (mionzi ya eksirei inayoonyesha mpangilio wa atomu) na darubini ya elektroni maana sampuli zinasafiri na huko zinapanga foleni, halafu kemikali kutoka nje ambazo zinahitaji vibali vya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama chuo ni cha umma manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Hayo yote yaanze wiki ile ile hela imeingia, hata kama pumba hujazigusa. Kuna mwaka nilisubiri mpaka nizihitaji, nikakaa miezi minne naosha vyombo vya maabara.

Kwenye bajeti weka usafirishaji wa sampuli, vipuri vya tanuru, na kitu cha kufidia dola ikipanda. Wengi wanajaza posho za semina hapo.

Mfadhili mwandikie mapema mambo yakikwama, ukurasa mmoja tu, unaomba kuongezewa muda bila kuongezewa hela na mara nyingi wanaelewa. Ukimwambia wiki ya mwisho unaonekana tapeli.

Na ukitaka karatasi ya umeneja wa miradi, cheti cha kimataifa cha PMP kinataka kwa mwenye digrii miezi 36 ya kuongoza miradi na masaa 35 ya mafunzo, kwa hiyo anza kuandika kila ulichoongoza tangu leo, kukumbuka baadaye ni mateso. Ambaye hajafika aanze na CAPM, cheti cha chini yake.

Dogo anaanza Jumatatu. Kazi ya kwanza nimempa apige simu sehemu tatu kuomba profoma ya asidi, akanuna kidogo, alikuja na koti lake jeupe limepigwa pasi.