Kotleti za kuku za Kirusi, laini na hazikauki

Siri ya hizi kotleti ni mkate jamani, sio kuku. Chukua nusu kilo ya kuku wa kusaga, changanya paja na kidari maana kidari tupu kinakauka balaa, alafu slesi 2 za mkate mweupe uliolala, toa maganda, loweka kwenye maziwa mpaka zilainike, kamua kidogo tu. Weka na kitunguu ulichokwangua, yai, chumvi, pilipili manga.

Hapa ndo wengi wanaharakisha: kanda kwa mkono kama dakika 5, beba donge ulipige kwenye bakuli mara kadhaa, likianza kunata na kung'ang'ania vidole ujue halitavunjika kwenye mafuta. Friji nusu saa. Lowesha mikono, finyanga umbo la yai lililobonyezwa, viringisha kwenye chenga za mkate, kaanga moto wa kati hadi kahawia pande zote, kisha funika upunguze moto mpaka ndani kusibaki upinki.

Zile kotleti zinazoitwa za Pozharsky, za mji wa Torzhok huko Urusi, zinawekwa na siagi, tamu hatari. Kula na viazi vya kuponda.