Maneno ya Kiingereza kwenye jipiesi ya mkononi: kwa manahodha wa Mtwara na Lindi

Menyu ya jipiesi (GPS), kifaa kinachokuonyesha mahali ulipo kwa kutumia setilaiti, ina maneno mengi, lakini yanayoweza kukupoteza baharini ni machache. Jifunze hayo kwanza, ukiwa ufukweni na jipiesi mkononi.

Ukiiwasha itaandika ACQUIRING SATELLITES au SEARCHING, yaani inatafuta setilaiti. Inahitaji angalau nne ili ijue vizuri mahali ilipo. Kama ilizimwa kwa miezi au imetoka nchi ya mbali, mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo iweke mahali pa wazi pasipo bati wala mti. Subiri neno ACCURACY. Namba iliyo mbele yake ni kiasi cha kukosea, basi mita 4 ni bora kuliko mita 15. LOST SATELLITE RECEPTION maana yake haizioni tena setilaiti, na mahali inapokuonyesha usipaamini.

MARK ni kuweka alama, na alama yenyewe huitwa WAYPOINT. Jipiesi huipa jina la namba, kama 001. Libadilishe palepale uandike DEMA3 (mtego wa samaki) au KIPWA1 (fungu linalojitokeza maji yakipwa), maana baada ya mwezi hutakumbuka 001 ilikuwa dema au mwamba. Kisha bonyeza DONE au SAVE. Ukitoka kwa QUIT au BACK kabla ya hapo, alama inaweza kupotea.

Sasa tazama namba zenyewe. Mjini Mtwara utaona kitu kama S 10°16.500' E 040°11.000'. S ni kusini mwa ikweta, E ni mashariki. Ukiingiza alama kwa mkono na kuacha N (kaskazini) badala ya S, jipiesi itakupeleka Ethiopia, na kosa hilo utaligundua mara moja. Kosa baya ni dogo. Hapo juu 16.500 ni dakika 16 na nusu (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii, si ya saa), yaani dakika 16 na sekunde 30. Mwenzako akikutajia kwa simu "kumi na sita, hamsini", yaani 16.50, nawe ukaandika dakika 16 sekunde 50, umekosea zaidi ya mita 600. Huwezi kuipata dema kwa umbali huo. Kabla ya kupeana namba, fungueni SETUP, kisha POSITION FORMAT, wote wawili mhakikishe mmechagua mtindo mmoja. Hapohapo MAP DATUM, yaani msingi wa kupimia ramani, isomeke WGS 84. Ramani za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi mwingine, Arc 1960, na tofauti yake ni karibu mita 300.

Maneno matatu huchanganywa kuliko yote. BEARING ni upande ilipo alama kutoka ulipo wewe. HEADING ni upande ambao omo, yaani mbele ya chombo, imeelekea. COURSE, au COG, ni upande chombo kinakokwenda kweli. Pwani hii mkondo huenda kaskazini, na wakati wa kusi hupata nguvu. Tuseme BEARING ni 090, yaani mashariki, nawe umeelekeza omo 090 kwa dira, lakini COG inasoma 078: mkondo unakusukuma kushoto. Geuza omo kulia kidogo kidogo mpaka COG isome 090, hata kama dira sasa inasema 100. Wengi huufukuza mshale wa BEARING tu. Hufika, ila kwa njia ya upinde na petroli nyingi zaidi. Jipiesi isiyo na dira ndani yake huandika HEADING kwa kufuata mwendo wako, si omo, ndiyo maana ukitia nanga mshale huzunguka ovyo. Dira ya kawaida usiiache nyumbani.

GO TO ndilo neno la kuogopa. Huchora mstari ulionyooka hadi kwenye alama, wala haujali mwamba, kipwa wala nchi kavu. Kuingia ghuba ya Mikindani au kupita miamba ya Mnazi Bay tumia ROUTE: alama kadhaa zilizoungwa kwa mpangilio, moja nje, moja mlangoni, moja ndani. TRACK ni nyayo za safari uliyokwisha kwenda, na kurudi kwa nyayo zako ni salama kuliko mstari, ila angalia maji. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na ulipopita maji yamejaa panaweza kuwa pakavu.

UNITS ichague NAUTICAL: maili ya bahari ni mita 1,852, wakati STATUTE ni 1,609. ETA ni saa ya kufika, nayo huhesabiwa kizungu: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. ETE au TTG ni muda uliobaki.

LOW BATTERY ikitokea badilisha betri zote mbili kwa pamoja, na mpya zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

MOB ni mtu kaanguka baharini. Ukibonyeza, jipiesi huhifadhi mahali hapo na kukuelekeza kurudi. Baadhi ya jipiesi huhitaji kubonyeza na kushikilia FIND, kwa hiyo jaribu ufukweni, kila baharia ajue. Ila mkondo humchukua mtu: alama inabaki palepale, yeye mtafute kuanzia hapo kuelekea mkondo unakokwenda. Akishapatikana, bonyeza STOP NAVIGATION, la sivyo mshale utaendelea kukurudisha.