Namna ya kujua klabu inaendeshwaje kabla hujaanza kubishana

Wadau, dirisha la usajili likifunguliwa tu ubishi ni uleule, mara mwenye timu bahili, mara bodi haijui mpira, mara kocha afukuzwe hata leo, na kila mtu ana uhakika na anachosema ila ukimuuliza klabu inaingiza shilingi ngapi kwa mwaka na mishahara inakula ngapi kati ya hizo, anakaa kimya au anakurushia picha ya msimamo wa ligi. Msimamo wa ligi hauonyeshi klabu inaendeshwaje. Unaonyesha wamepata nini miezi hii basi, na timu inaweza kuwa nafasi ya nne huku ndani imeshaoza zamani.

Kwa hiyo hapa naweka njia ninayotumia mimi kuisoma klabu au ligi ya kulipwa. Mifano mingi ni ya soka sababu mahesabu yake yanapatikana kirahisi, ila kikapu, raga, kriketi, kote unaweza kuitumia. Na kote swali langu ni moja, hela wanayotumia leo wanayo, au wanaikopa kwa kutegemea ushindi ambao haujaja?

ANZA NA MISHAHARA, ACHANA NA BEI YA USAJILI

Watu wanapagawa na bei ya mchezaji. Sawa, ni tamu kuisoma, ila yenyewe inakudanganya. Mchezaji akinunuliwa milioni 100 akasaini miaka 5, kwenye vitabu vya klabu haiandikwi milioni 100 mwaka huo, inagawanywa, milioni 20 kila mwaka mpaka mkataba uishe. Ndo maana Chelsea baada ya kupata wamiliki wapya 2022 walianza kuwasainisha watu miaka 7 na 8, ukirefusha mkataba ile namba ya kila mwaka inapungua, mpaka UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, 2023 wakasema kwenye hesabu zetu sisi mwisho miaka 5 hata kama umemsainisha mpaka azeeke.

Mshahara sasa hauna ujanja huo. Unatoka kila mwezi, mmeshinda mmefungwa, mchezaji mzima au yuko kitandani. Kwa hiyo chukua jumla ya mishahara ya mwaka gawanya kwa mapato ya mwaka. Kwa makadirio yangu mimi ikiwa nusu au zaidi kidogo ya nusu niko na amani, ikifika robo tatu naanza kuangalia kwa jicho la pembeni, na ikikaribia mapato yote hapo kuna mtu anaweka hela yake mfukoni mwa klabu kila mwaka na siku akiacha kuna kilio. UEFA wenyewe wana kanuni ya asilimia 70 ya mapato, wameishusha kidogo kidogo kuanzia 90 msimu wa 2023/24, na humo wanahesabu mishahara, gharama za usajili na hela za mawakala kwa pamoja.

Leicester kila mtu anawakumbuka kwa ubingwa wa 2016. Wachache wanakumbuka kwamba msimu walioshuka daraja, 2022/23, mishahara yao ilikuwa imezidi mapato yao, yaani kabla hujalipa hata bili ya umeme umeshakula hasara. Pale shida haikuwa kocha peke yake.

Hizi namba unazipata wapi? Klabu za Uingereza zimesajiliwa kama makampuni, ripoti zao za mwaka ziko wazi kwa msajili wa makampuni, unapakua bure. Sehemu nyingine utazikuta kwenye ripoti ya mkutano mkuu wa wanachama. Na kama klabu yako haitoi chochote, hakuna ripoti, hakuna mkutano, kila swali jibu ni "tuko vizuri", basi andika hivyo hivyo kwenye daftari lako, kwamba hawataki kuonyesha. Nalo ni jibu.

Kisa ambacho kila mtu anayetaka kuzungumzia uongozi wa michezo inabidi akijue ni cha Leeds, klabu ya England. Mwaka 2001 walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Walikuwa wamekopa sana, hesabu yao ilikuwa imejengwa juu ya wazo kwamba kila mwaka watacheza tena mashindano yale na hela itaingia. Wakakosa nafasi. Basi tu, kukosa nafasi, jambo linalotokea kwa timu yoyote. Wakaanza kuuza, Rio Ferdinand akaenda Manchester United 2002, wengine wakafuata, 2004 wakashuka daraja na 2007 wakashuka tena mpaka daraja la tatu, walirudi ligi kuu 2020. Miaka 16 ndugu yangu. Na ukisoma magazeti ya 2001 wale viongozi walikuwa wanasifiwa kwamba wana maono.

TAJIRI AKICHOKA NANI ANABAKI NA DENI

Hili swali halina umaarufu ila mimi ndo nalipenda kuliko yote. Portsmouth walichukua Kombe la FA 2008. Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi wakiwa ndani ya Premier League, ligi kuu ya England, wakakatwa pointi 9, wakashuka, na 2013 walikuwa wanaelekea daraja la nne. Walioinunua mwaka huo ni mashabiki wenyewe kupitia chama chao. Wale wenye hela waliokuja na kuondoka hakuna aliyebaki kulia nao.

Kwa hiyo tajiri akitangaza ameweka milioni kadhaa usipige makofi kwanza, uliza ameziweka kama nini. Kama amenunua hisa, hela ile imeingia na haidaiwi. Kama ni mkopo kwa klabu, maana yake klabu inadaiwa na mwenye klabu, na siku akitaka kuuza deni lile linakaa mezani. Ripoti ya mwaka inasema, ni mstari mmoja tu, utafute.

Halafu uwanja ni wa nani? Coventry waliuza uwanja wao wa zamani, wakaondoka 2005 kwenda kupanga, ugomvi na mwenye nyumba ukawafikisha wakacheza mechi za "nyumbani" mji mwingine kabisa, Northampton msimu wa 2013/14, halafu Birmingham kuanzia 2019. Derby nao 2018 waliuza uwanja kwa kampuni ya mmiliki wao huyo huyo ili mahesabu ya mwaka yapendeze, 2021 wakaingia kwenye ufilisi, jumla wakakatwa pointi 21 na kushuka daraja. Klabu ikianza kuuza uwanja au kiwanja cha mazoezi ili kulipa mishahara inakula mbegu, na hapo wala huhitaji kusoma ukurasa mwingine.

Najua kuna watakaosema dawa ni mashabiki wamiliki timu. Nusu nakubali. Ujerumani wana kanuni ya 50+1, wanachama wanabaki na kura nyingi, tajiri hawezi kuja kuichukua klabu akafanya anavyotaka, ingawa Leverkusen na Wolfsburg wana ruhusa maalum sababu ya makampuni yaliyokuwa nyuma yao miaka mingi. Kule Marekani Green Bay Packers, timu ya mji mdogo wa watu laki moja hivi, inamilikiwa na wenye hisa ambao hawapati gawio lolote, na kila mwaka wanatoa mahesabu yao hadharani wakati timu nyingine za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zinaficha. Mambo mazuri hayo. Ila Ujerumani hiyo hiyo Bayern alichukua ubingwa mara 11 mfululizo kuanzia 2013 mpaka 2023, kwa hiyo umiliki wa mashabiki unailinda klabu isife, haukuletei ushindani. Mtu anayekuuzia vyote viwili kwa pamoja anakuchanganya, na humu mitandaoni wako wengi.

UKITAKA KUISEMA LIGI, TAFUTA MGAO WA HELA ZA TV

Ushindani unaamuliwa hapa, sio kwenye marefa. Tafuta vitu viwili tu, nani anauza haki za matangazo, klabu moja moja au ligi kwa pamoja, na zikishauzwa zinagawanywaje.

NFL hela za televisheni ya taifa wanagawana sawa kwa sawa, wana ukomo wa mishahara tangu 1994, na timu iliyofanya vibaya ndo inachagua kwanza chipukizi wapya, utaratibu ulioanza 1936. Matokeo yake timu mbovu leo inaweza kuwa fainali miaka mitatu mbele. Hasara yake ni kwamba hakuna kushuka daraja, ukiwa na timu mbovu na mwenye timu mvivu utakaa hivyo na hela anaendelea kupata. Premier League hela za haki za ndani nusu wanagawana sawa, robo kwa nafasi uliyomaliza, robo kwa mechi zako zilizoonyeshwa. Hispania mpaka 2015 kila klabu ilikuwa inajiuzia, Real Madrid na Barcelona wanabeba minofu wengine wanaokota mifupa, ikabidi serikali itoe amri zikauzwe kwa pamoja.

Ukishajua hayo ndo unaelewa ile Super League ya Aprili 2021, ligi ya Ulaya ambayo klabu kubwa zilitaka kujianzishia, ilikuwa inataka nini. Klabu 12 zilitaka hela za ligi ya kufungwa ya Kimarekani bila ule upande wake wa pili, yaani kugawana sawa na kumbeba mnyonge, na waanzilishi wasishuke. Ndani ya siku mbili zile sita za Uingereza zilikuwa zimeshatoka mbio sababu mashabiki walikuwa barabarani.

Na adhabu? Angalia kama kanuni zinang'ata. Everton Novemba 2023 walikatwa pointi 10 kwa kupata hasara kubwa kuliko ligi inavyoruhusu, rufaa ikashusha mpaka 6, Nottingham Forest nao wakapoteza 4. Unaweza ukabishana kama ni haki, mimi mwenyewe naona kumwadhibu shabiki kwa kosa la mhasibu ni shida, ila walau kanuni ipo na inatekelezwa. Ligi ambayo timu haijalipa wachezaji miezi na bado inasajili wapya, hiyo hata usijisumbue kujadili mbinu za uwanjani.

AKADEMI, MANENO MENGI

Kila kiongozi mpya anaahidi akademi. Ukitaka kumpima usiangalie majengo, angalia dakika. Wachezaji waliokulia pale wamecheza dakika ngapi kwenye timu kubwa misimu mitatu iliyopita? Kama ni wale wa kuingizwa dakika ya 88 mkiongoza tatu bila, hiyo ni picha tu ya kupiga.

Ujerumani walitolewa Euro 2000 wakiwa mkiani mwa kundi, pointi moja. Baada ya pale klabu za madaraja mawili ya juu zikaambiwa bila akademi hakuna leseni. Kombe la Dunia wakalichukua 2014. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi, halafu msikilize kiongozi anayekuambia mpango wa vijana utalipa msimu ujao.

Lakini kiukweli akademi sio ya kila mtu. Brentford waliifunga ya kwao 2016, walikuwa wanalea watoto klabu kubwa zinakuja kuwachukua kwa bei ya karanga, wakaanzisha timu B ya vijana walioachwa na wengine, na 2021 wakapanda Premier League. Walipiga hesabu wakaona hailipi, hiyo naiheshimu kuliko anayejenga ili akate utepe.

Kuna kitu pia kwenye mahesabu, mchezaji uliyemlea mwenyewe hukumnunua, kwa hiyo ukimuuza karibu hela yote inaandikwa faida. Ndo sababu klabu zinazobanwa na kanuni za hasara zinauza vijana wao wa nyumbani wakati nyinyi mnalia. Sio roho mbaya, ni vitabu.

Kwa klabu ndogo, na hapa sikiliza vizuri kama uko kwenye uongozi wa timu ya vijana, FIFA wana utaratibu ambapo asilimia 5 ya ada mchezaji akiuzwa nje ya nchi inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 mpaka 23. Wengi hawaipati sababu hawakumsajili mtoto rasmi, hakuna karatasi inayoonyesha alikuwa pale. Msajili mtoto kwenye mfumo wa chama chenu tangu siku ya kwanza, weka tarehe ya kuja na ya kuondoka. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalum cha kupitishia malipo hayo, ila hakiwezi kukulipa kama haupo kwenye rekodi.

MPIRA WA WANAWAKE, KIPIMO CHA HARAKA

Akija mtu na hoja kwamba wanawake hawana watazamaji mpe mfano wa Goodison Park, uwanja wa Everton, tarehe 26 Desemba 1920, watu kama 53,000 walienda kuwaona Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake wa kiwandani, wakicheza. Mwaka uliofuata chama cha soka cha England kikawafungia wanawake viwanja vya wanachama wake, na ikakaa hivyo miaka karibu 50. Watazamaji hawakukimbia, walifungiwa geti. Aprili 2022 wanawake wa Barcelona wakacheza na Wolfsburg kwenye uwanja mkubwa wa klabu, Camp Nou, wakaingia 91,648.

Kwa hiyo kabla hujaisifu klabu yako kwa kuwa na timu ya wanawake fungua ratiba tu uone wanacheza uwanja gani, saa ngapi, tiketi zilitangazwa lini, na kama kocha wao anaajiriwa au anajitolea. Dakika tano hazifiki.