Kabla hujalipa karo: jinsi ya kuikagua shule ya msingi Nairobi

Mimi nashona sare za shule Umoja, karibu na soko la Mutindwa, kwa hiyo shule nyingi za Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, nazijua kwa sweta kabla ya kuzijua kwa sifa. Januari kila mzazi ananunua sare, na hilo halikwambii lolote. Ngoja mwisho wa Aprili au Mei, shule zikifungua muhula wa pili. Hapo ndipo wazazi huniletea sweta nibandue beji ya shule moja nishone ya nyingine. "Mama Achieng, nitolee hii, Jumatatu anaanza kwingine." Beji za shule ile ile zikinijia mfululizo najua kuna jambo, hata kama geti limepakwa rangi juzi.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza shule gani nzuri, humwambia awatafute waliohama, wamwambie kwa nini walihama. Watoto kwanza, halafu walimu, na walimu ndio wenye habari zaidi.

Mabango ya getini yapite tu. KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini bado kuna kuta zenye picha za watoto waliopata alama 400 na ushee, watoto ambao sasa wanaota ndevu huko sekondari. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6 ulioanza 2022, haumzuii mtoto kuingia Gredi ya 7. Atakayekwambia shule yake iliongoza Nairobi nzima, muulize ni nani aliyeipanga hiyo orodha.

Nenda siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano katikati ya muhula. Siku ya wazazi kila shule ina maua. Omba kuona madaftari ya darasa ambalo mtoto wako ataingia. Mwalimu mkuu atakuletea la yule msichana mwenye mwandiko wa kupendeza. Mshukuru, kisha uombe jingine, la mtoto aketiye nyuma. Usisome alichoandika mtoto. Soma wino mwekundu.

Kuna mteja alikuja kupimiwa sketi ya binti yake, begi likawa mezani, nami nikapekua daftari la Hisabati la Gredi ya 4. Januari kila kazi ina tarehe, vyema vya duara, na kosa limeandikwa jibu sahihi pembeni. Februari mwandiko umebadilika, umelala kulia. Machi ukatokea wa tatu, na huyo hakusahihisha, alitia sahihi tu chini ya ukurasa. Juu ya sahihi hiyo palikuwa na saba mara nane, hamsini na nne, na hakuna aliyeigusa. Muhula mmoja, miandiko mitatu. Hapo hata huhitaji kuuliza kama walimu wanalipwa kwa wakati.

Lakini uliza. "Mwalimu wa darasa hili alianza lini hapa? Aliyemtangulia alienda wapi?" Ukiambiwa aliajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, akapelekwa shule ya serikali, hilo si doa; ina maana shule ilikuwa na mwalimu aliyesomea kazi. Majibu ya "aliacha tu" yakizidi, chukua mkoba wako. Uliza pia kama walimu wote wana namba za TSC. Sheria inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa, kwa hiyo mwenye shule hana sababu ya kukukasirikia.

Jioni usiondoke. Simama nje wakati wa kuwachukua watoto, ununue smoki, ile soseji ya barabarani, umsikilize muuzaji. Yeye yupo hapo kila siku, anajua ni mwalimu gani hufika saa tatu asubuhi na ni watoto gani hukaa mpaka giza kwa sababu basi moja linazunguka mara mbili. Basi lenyewe litazame: liwe la manjano, liwe na mikanda, na uhesabu vichwa vinavyoingia. Kisha uliza mtoto wa kituo cha kwanza huchukuliwa saa ngapi alfajiri. Shule iliyo mtaani mwenu, hata ikiwa na kiwanja kidogo, mimi naipa uzito kuliko ile ya mbali yenye bwawa la kuogelea. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anayeamshwa saa kumi na moja atasinzia hata ukimpeleka ikulu.

Kuhusu kiboko usimuulize mwalimu mkuu, kwa maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza na jibu lake unalijua. Zungumza na watoto. Uliza kwa utani, "Na huyo mwalimu wenu, anatumia mti au paipu?" Pasipo na kiboko watakushangaa. Kilipo watakutajia mpaka jina walilokipa.

Sasa karatasi. Omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu, usome jina lililoandikwa na kama ni shule ya binafsi ya kawaida au ni ya APBET, zile za mitaa ya mabanda zenye masharti yao. Zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ile yenye cheti cha kampuni tu kwenye fremu. Ukiwa na shaka, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo wanalo jibu. Kisha uliza watoto wa Gredi ya 6 hufanyia KPSEA wapi. Shule isiyo na namba yake ya KNEC, baraza la mitihani, huwaandikisha watoto kwa jirani, na hilo mzazi hulijua siku za mwisho. Wakikwambia wana Gredi ya 7 hadi ya 9, omba kuona maabara, ufungue na kabati. Wakiishia Gredi ya 6, jua mapema kwamba utahamisha mtoto.

Majengo yaangalie kwa macho ya mtu anayetaka kutoka mbio. Mwongozo wa usalama wa wizara wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Shule nyingi huku zimo ndani ya magorofa yaliyojengwa kuwa nyumba za kupanga, na ngazi ni moja, nyembamba. Septemba 2019 darasa la gorofa liliporomoka Ngando, Dagoretti, watoto wanane wakafa. Miezi michache baadaye, Februari 2020, watoto walikanyagana kwenye ngazi za shule ya msingi Kakamega. Mimi husubiri kengele ilie nione wanavyoshuka. Choo nacho ingia. Siyo cha wageni.

Pesa. Usikubali kutajiwa karo ya muhula kwa mdomo. Omba orodha iliyoandikwa ya mwaka mzima. Chukua mfano: karo 9,000, chakula 3,500, basi 5,000, hiyo ni 17,500, mara mihula mitatu ni 52,500. Bado hujagusa ada ya kuingia, vitabu, ziara, na ile sherehe ya PP2 ambapo mtoto wa miaka mitano huvalishwa joho na kofia kama amemaliza chuo kikuu. Majoho hayo mimi ndiye huyashona, na bado nasema ni wazimu. Uliza pia sare inauzwa wapi. Shule inayokulazimisha kununua ofisini kwake, kisha ikabadilisha rangi ya mistari kila baada ya mwaka, inafanya biashara ya nguo.

Kabla ya yote hayo, ipitie shule ya serikali iliyo karibu. Tangu 2003 hakuna karo huko, vitabu vinatoka serikalini, na katika mpango wa Dishi na County mtoto anakula mchana kwa shilingi tano. Madarasa yamejaa, sitakuficha, lakini nimeona madaftari ya huko yaliyosahihishwa kwa mwandiko mmoja mwaka mzima, tena na mwalimu mwenye watoto sabini.

Ukisharidhika, lipa kwa nambari ya Paybill ya M-Pesa yenye jina la shule, kamwe si kwa simu ya mtu, na ule ujumbe usiufute. Kama mtoto anatoka shule nyingine, maliza salio la huko kwanza na uombe wamwachilie kwenye mfumo wa wizara, NEMIS au huu mpya wa KEMIS, kwa maana shule ya zamani ikimshikilia, ile mpya haiwezi kumwingiza kwenye orodha yake. Cheti cha kuzaliwa beba nakala mbili. Sweta ya zamani usiitupe kama rangi zinalingana. Beji hubanduliwa.