Jinsi ya Kuitambua Sarafu ya Borysthenes ya Olbia

Olbia ulikuwa mji wa Wagiriki waliotoka Miletos, mji wa Kigiriki katika Uturuki ya leo; ulianzishwa katika karne ya 6 KK penye mlango wa Mto Bug wa Kusini, katika Ukraine ya leo, huku nyika iliyokuwa nyuma yake ikitawaliwa na Waskithi, wafugaji wa kuhamahama waliopanda farasi. Somo hili linahusu sarafu yake ya shaba iitwayo Borysthenes, iliyotolewa takriban kati ya 330 na 250 KK.

Hatua ya kwanza ni kujizuia. Usiisugue sarafu kwa ndimu wala kwa brashi ya waya, kwa kuwa kutu ya kijani iliyoganda juu yake mara nyingi ndiyo inayohifadhi mchoro. Imulike kwa taa kutoka ubavuni, na vivuli vitakuonyesha kilichofifia.

Hatua ya pili, tazama uso. Utaona kichwa cha mzee mwenye ndevu ambaye wengi humdhania Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, mpaka watafute pembe ndogo juu ya paji lake. Wagiriki waliwachora miungu ya mito wakiwa na pembe za fahali, na huyu ni Borysthenes, jina walilouita Mto Dnieper.

Hatua ya tatu, igeuze. Hapo pana shoka na podo la Kiskithi, lile linalobeba upinde pamoja na mishale, na kando yake herufi za Kigiriki ΟΛΒΙΟ (OLBIO), kifupi cha jina la watu wa Olbia. Kwangu mimi upande huu ndio wenye thamani zaidi, kwa sababu mji wa Kigiriki ulichora silaha za jirani yake kwenye sarafu zake wenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeonyeshwa kipande cha shaba chenye umbo la pomboo. Je, nacho ni sarafu?

Jibu: Naam, ikiwa ni cha kweli. Olbia ilitumia pomboo hao kabla ya sarafu za Borysthenes, na baadhi yao wana herufi ΑΡΙΧΟ (ARIKHO) au ΘΥ (THU). Hawakupigwa chapa bali walisubiwa katika kalibu.

Swali: Mfanyabiashara mgeni aliruhusiwa kulipa kwa sarafu za kwao?

Jibu: Amri ya Kanobos, sheria ya Olbia ya karne ya 4 KK, iliruhusu sarafu za kigeni za dhahabu na za madini ya fedha kuingia na kutoka, lakini kununua na kuuza mjini kulitakiwa kufanyika kwa sarafu za Olbia za shaba na za madini ya fedha. Ubadilishaji ulifanyika penye jiwe lililokuwa katika uwanja wa mkutano wa raia.

Swali: Wafalme wa Kiskithi walikuwa na sarafu zao?

Jibu: Skiluros, wa karne ya 2 KK, alipigiwa sarafu zenye jina lake hapo Olbia. Zipo pia za madini ya fedha, za kale zaidi, zenye jina la Eminakos, na wataalamu wanabishana kama alikuwa mfalme. Zinamwonyesha Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akiutia upinde uzi, jambo linaloeleweka ukikumbuka hadithi aliyoiandika Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, kwamba Herakles aliacha upinde wake kuwa mtihani kwa wanawe watatu, na Skythes pekee ndiye aliyeweza kuupinda akairithi nchi.